Kuziba Pancha au Kubadilisha? Njia ya Misafara ya Tabora Ina la Kutuambia

Chukua ramani ya Tanzania, weka kidole Manyoni, kisha kipeleke magharibi kupitia Itigi mpaka Tabora. Ukiwa na pikipiki nzima na tangi limejaa, hiyo leo ni safari ya siku moja. Ila kuna vipande humo unakwenda muda mrefu huoni duka, sembuse fundi pancha. Tairi la nyuma likipata mwiba hapo katikati, pikipiki ikaanza kuyumba kama mlevi, swali linakuja lenyewe: nizibe niendelee, au nitoe kabisa niweke jipya?

Wenye pikipiki wengi hulijibu kwa kupapasa mfuko. Mafundi hulijibu kwa kuangalia tundu. Wote wana sababu zao. Mimi nasoma historia ya uchukuzi, kwa hiyo niruhusu nianzie kwenye barabara yenyewe. Njia hii ilishaulizwa swali hilohilo karne ya 19, wakati kilichokuwa kinaharibika safarini hakikuwa tairi bali mguu wa mtu. Tyubu na gundi tutavifikia, usijali.

Mgunda Mkali hakukuwa na wa kuajiri

Njia ya kati ya misafara ilianzia Bagamoyo na bandari za jirani, ikapanda Usagara na Mpwapwa, ikavuka Ugogo, ndipo ikaingia Unyamwezi. Kati ya Ugogo na Unyamwezi kulikuwa na pori ambalo wasafiri waliliita Mgunda Mkali. Jina linajieleza. Maji yalikuwa haba na vijiji vilikuwa mbalimbali. Kwa sehemu kama hizo misafara ilikuwa na mbinu iliyoitwa terekeza: mnapumzika asubuhi penye maji, mnajaza vibuyu, mnaondoka mchana jua likiwa bado kali, mnalala porini pakavu, na kesho yake asubuhi mnafika penye maji mengine. Hakuna aliyeifurahia terekeza. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuwafikisha.

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, hapo karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Burton alihesabu siku 134. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi ambao kwao upagazi ulikuwa kazi ya kujivunia, na mzigo wa kawaida ulikuwa kilo 27 hadi 32 hivi, bila kuhesabu mkeka, sufuria na chakula cha mpagazi mwenyewe.

Sasa fikiria mpagazi mmoja kaumia mguu katikati ya Mgunda Mkali. Kuajiri mwingine haiwezekani, kijiji hakuna. Kusubiri apone haiwezekani, maji yataisha. Kinachobaki ni kuugawa mzigo wake kwa wenzake. Huko ndiko kuziba kwenyewe, na ukipiga hesabu utaona kuziba kuna bei. Mzigo wa kilo 30 ukigawanywa kwa watu 30, kila mmoja anaongezewa kilo moja, karibu hata hataisikia. Ukigawanywa kwa watu sita, kila mmoja anaongezewa kilo tano, na hapo umeshaandaa majeruhi wa pili. Kiraka kinafanya kazi pale tu ambapo sehemu nzima zilizobaki zinaweza kubeba kazi ya ile iliyoharibika. Ishike hiyo kanuni, maana tutaikuta tena ndani ya tairi.

Tabora ndipo palipobadilishwa

Ukishavuka pori, hesabu inageuka. Unyanyembe, yaani Tabora na vitongoji vyake, ilikuwa makutano. Kutoka hapo njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi kuelekea mwisho wa Ziwa Tanganyika na Katanga. Wapagazi wengi waliotoka pwani waliishia hapo, wakalipwa, wakaenda makwao. Aliyetaka kuendelea alitafuta watu wapya, akafungasha upya mizigo, akanunua chakula. Kwa lugha ya leo, Tabora ilikuwa na fundi, duka la vipuri na mahali pa kulala, vyote pamoja.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa David Livingstone. Machi 1872 aliagana na Henry Morton Stanley, akabaki Kwihara, kilomita chache kutoka katikati ya Tabora, kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho. Kwa nini alibaki? Hakuwa na watu wa kutosha wa kuaminika kwa safari iliyokuwa mbele yake. Stanley alikwenda pwani na kumtumia watu 57, nao walifika Agosti. Tarehe 25 Agosti 1872 akaondoka. Miezi mitano mtu mzima, mwenye haraka na mwenye afya inayomwisha, amekaa anasubiri. Angeweza kujikokota na watu wachache aliokuwa nao, lakini safari ya kwenda kusini kwenye maziwa na vinamasi haikuwa safari ya viraka.

Kwa hiyo misafara ilikuwa na desturi ambayo haikuhitaji kuandikwa: porini unaziba ili ufike, Tabora unabadilisha ili uendelee. Aliyekosea kwa kubadilisha porini alikwama. Aliyekosea kwa kuondoka Tabora na kiraka alilipa mbele ya safari.

Kwa nini gurudumu lilichelewa

Unaweza kujiuliza, watu wote hao walibeba kichwani na mabegani, magurudumu yalikuwa wapi? Yalijaribiwa. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa London Missionary Society alipita na ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa na kurudi na habari njema. Mwaka uliofuata jamaa zake wakaja na mikokoteni na maksai. Maksai wakafa njiani, mikokoteni ikaachwa, mizigo ikarudi kwa wapagazi. Miaka michache baadaye Annie Hore, mke wa mmisionari wa shirika hilohilo, alisafiri mpaka Ziwa Tanganyika kwa kiti cha wagonjwa, aina ambayo kwao Uingereza husukumwa kwa magurudumu. Huku kilibebwa na wanaume.

Aliyewashinda alikuwa mbung'o. Mwaka 1895 David Bruce, akiwa Zululand, alionyesha kwamba nagana, ugonjwa unaoua ng'ombe na farasi, unasababishwa na vijidudu vya trypanosoma vinavyobebwa na mbung'o. Misitu ya miombo ya Unyamwezi ni nyumbani kwa mdudu huyo mpaka leo. Gurudumu lilihitaji mnyama wa kulivuta, na mnyama hakuishi.

Mambo yalibadilika vilipokuja vyombo visivyo na damu. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baiskeli nazo zikaenea vijijini, na baada ya miaka mingi pikipiki zikafuata. Mbung'o anaweza kumuuma dereva, injini hawezi. Ila gurudumu la upepo lilikuja na ugonjwa wake wenyewe, na dawa yake imetuletea swali la leo. Mwiba wa mgunga ambao ungemchubua tu maksai unatosha kulaza pikipiki chini.

Kitu kinachoitwa mpira

Utomvu wa mti wa mpira ukikauka wenyewe hauna maana sana kwa tairi. Kwenye joto unalainika na kunata, kwenye baridi unakakamaa. Ni minyororo mirefu ya molekuli iliyolaliana kama tambi kwenye sahani, kila mmoja unaweza kuteleza juu ya mwenzake. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa, ile ambayo wazee waliiita kiberiti, kisha ukapashwa moto, unatulia. Salfa inafunga madaraja kati ya mnyororo na mnyororo. Mpira unavutika lakini unarudi.

Mskoti Robert William Thomson alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1845, mapema mno, soko halikuwepo. Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alilibuni upya mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake ya magurudumu matatu. Tairi la Dunlop lilikuwa laini na la kasi, lakini liligundishwa kwenye ringi. Pancha ilikuwa msiba.

Hapo ndipo swali letu lilipozaliwa rasmi. Mwaka 1889 mwendesha baiskeli mmoja alifika na tairi la Dunlop lililopata pancha kwenye kiwanda cha ndugu wa Michelin huko Clermont-Ferrand, Ufaransa. Kulitoa na kuliziba kulichukua saa kadhaa, halafu gundi ikaachwa ikauke usiku kucha, na baada ya mwendo mfupi tairi likaisha upepo tena. Édouard Michelin akaona tatizo halikuwa kiraka, lilikuwa tairi lisilotoka. Mwaka 1891 akaleta tairi linaloweza kuvuliwa na kuvalishwa, lenye tyubu ndani. Mwaka huohuo Charles Terront alilitumia kushinda mbio za Paris hadi Brest na kurudi, kilomita 1,200 hivi. Tangu hapo kuziba na kubadilisha vikawa vitu viwili tofauti: unaweza kubadilisha tyubu ukaacha tairi, au ukaziba tyubu dakika chache ukaendelea. Tairi lisilo na tyubu, ambalo mafundi wetu huliita tyublesi, lilikuja katikati ya karne ya 20 kupitia kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani.

Afrika haikuwa mtazamaji katika hadithi hii. Hamu ya dunia ya matairi ndiyo iliyoleta ukatili wa mpira katika Kongo ya Mfalme Leopold II, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako watu walilazimishwa kukusanya utomvu wa mitoria msituni kwa mijeledi na bunduki. Upande wetu, Wajerumani walipanda mashamba ya mpira wa Ceará, mti wa jamii moja na muhogo. Bei ikaporomoka mwaka 1913, mashamba ya Asia yalipoujaza mpira sokoni. Miti mingine ilibaki, na majani yake bado tunayala: kile kisamvu cha mpira unachokijua ni mabaki ya uchumi wa tairi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, jeshi la majini la Uingereza likaifunga pwani, na meli mbili tu za kuwasaidia Wajerumani zikafanikiwa kupenya, Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916. Tairi jipya kutoka Ulaya likawa ndoto. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani huku, anaeleza katika kumbukumbu zake kwamba mpira wa mashambani ulichanganywa na salfa yakapatikana matairi ya magari na baiskeli yaliyofaa kutumika. Tabora nayo ilikuwa na ufundi wake wa dharura. Karakana ya reli ya Lulanguru iligongesha sarafu mwaka 1916, zikiwemo za dhahabu za rupia 15, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke, kwa sababu fedha kutoka Ujerumani haikuweza kufika. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakauchukua mji.

Nimeileta hadithi hii kwa sababu moja. Pale ambapo kubadilisha hakuwezekani, kuziba kunakuwa ufundi wa hali ya juu, na watu wanafanya maajabu. Ni vizuri kuusifia ufundi huo. Si vizuri kusahau kwamba ulizaliwa na shida.

Fundi pancha anafanya kemia ya Goodyear

Angalia fundi wa pancha wa barabarani anayeziba kwa moto. Anaisugua tyubu kwa msasa, anaweka kipande cha mpira mbichi juu ya tundu, anakibana kwa chuma, mara nyingi pistoni kuukuu ya injini, anatia mafuta kidogo ndani yake na kuwasha. Baada ya dakika chache kiraka na tyubu vimekuwa kitu kimoja. Ule mpira mbichi una salfa ndani, na moto unafunga yale madaraja tuliyoyataja. Huyo fundi anarudia jaribio la mwaka 1839 chini ya mwembe, na pengine hakuna aliyewahi kumwambia.

Kiraka cha baridi, kile cha gundi, kinategemea kemia ya namna hiyohiyo ila polepole zaidi. Ndiyo maana hatua tatu ambazo watu huziruka kwa haraka zina sababu. Msasa unaondoa uchafu na ngozi laini ya juu ili gundi ishike mpira wenyewe. Gundi lazima iachwe mpaka ipoteze ung'avu, kwa sababu kiyeyushi kikinaswa chini ya kiraka kinazuia kushikana. Na kiraka lazima kigandamizwe kutoka katikati kwenda pembeni, ili hewa itoke.

Tyublesi ni habari nyingine. Hapo fundi hachomoi tairi. Anachomoa msumari, anasafisha tundu kwa chuma chenye meno, halafu anasukumiza kamba ya nyuzi iliyopakwa mpira unaonata. Kazi ya dakika tano. Lakini kumbuka, kamba hiyo imebanwa kwenye tundu, haijaunganishwa na ukuta wote wa ndani. Kiraka kinachowekwa kwa ndani, tairi likiwa limetolewa, ni imara zaidi.

Na hapa kuna mtego mmoja. Pikipiki nyingi za bodaboda zina ringi za spoku, na ringi hizo kwa kawaida hutumia tyubu. Kwenye tairi lenye tyubu, ile kamba ya tyublesi haikusaidii kitu. Upepo uko kwenye tyubu, na wewe umeziba koti. Mbaya zaidi, chuma cha kusukumizia kinaweza kuitoboa tyubu mara ya pili. Kabla hujanunua vifaa vya kuzibia vya safari, jua kwanza tairi lako ni la aina gani.

Maswali matatu kabla ya kuamua

La kwanza: tundu liko wapi kwenye tairi? Pale katikati, kwenye meno yanayokanyaga barabara, mpira ni mnene na haukunjiki sana. Tundu dogo la msumari hapo, lisilozidi milimita 6 hivi, linazibika. Ubavuni ni marufuku. Ubavu ndio unaokunjuka na kukunjika kila gurudumu linapozunguka, na nguvu yake inatokana na nyuzi zilizo ndani ya mpira. Zikikatika, nyuzi za jirani zinabeba mzigo wake. Ndiyo ile hesabu ya Mgunda Mkali: watu sita wanabeba kazi ya saba, mpaka wanaanguka wote kwa pamoja. Tairi lililochanika ubavuni libadilishe, hata kama ni jipya na linakuuma moyoni. Vivyo hivyo tairi kipara, au lililovimba, au lililotembezwa bila upepo mpaka likajisaga ndani. Tyubu nayo ikitoboka karibu na mahali pa kujazia upepo, au ikipasuka mstari mrefu, usibishane nayo, weka nyingine.

Kabla hujarudisha tyubu iliyozibwa, pitisha kitambaa ndani ya tairi taratibu utafute mwiba uliobaki. Ukiuacha, utaziba tena baada ya kilomita mbili, na utamlaumu fundi bure.

La pili: wewe uko wapi barabarani? Kama uko porini, kiraka kilichowekwa kwa uangalifu ni uamuzi wa busara, hata kikiwa cha dharura. Hata mchaniko mdogo kwenye meno ya tairi unaweza kupachikiwa kipande cha tairi kuukuu kwa ndani ili tyubu isichungulie nje, ukajikokota polepole, peke yako, mpaka penye fundi. Hiyo ni terekeza. Kosa linaanza pale unapofika Tabora mjini, maduka yako kushoto na kulia, ukasema, "Mbona limeshika, tuendelee tu." Kiraka cha dharura kimeshamaliza kazi yake. Mbele kuna pori jingine.

Hapa upepo una la kusema pia, na hesabu yake ni rahisi. Chukua uzito wa kilo 150 juu ya tairi la nyuma na upepo wa psi 29, ambao ni kama nguvu ya nyutoni 20 kwa kila sentimita ya mraba. Tairi litagusa ardhi kwa eneo la sentimita za mraba 75 hivi, kama kiganja cha mkono. Upepo ukishuka nusu, eneo hilo linakaribia mara mbili, maana yake tairi limelala na linakunjika zaidi kila mzunguko. Kukunjika kunaleta joto, joto linalegeza gundi na kudhoofisha mpira. Kiraka kizuri kwenye tairi lisilo na upepo wa kutosha kinakufa kifo ambacho si chake.

Ila usipime upepo tairi likiwa la moto ukashtuka na kuupunguza. Hewa ya nyuzi joto 27 ikipanda hadi 57, psi 29 zinasogea mpaka karibu 33 bila mtu kuongeza chochote. Likipoa zitarudi. Ukizitoa, asubuhi utaanza safari na tairi legevu. Pima asubuhi, kabla hujaondoka.

La tatu: nani yuko nyuma yako? Swali hili halimo kwenye vitabu vya mafundi, na mimi nadhani ndilo zito kuliko yote. Tyubu ikipasuka ghafla, upepo unatoka haraka sana kupitia matundu ya spoku, na dereva ana sekunde chache tu za kuituliza pikipiki. Peke yako, kwa mwendo mdogo, unaweza kuponea. Ukiwa na abiria, uzito wa nyuma umeongezeka na yule wa nyuma hana cha kushika zaidi yako. Ukiwa na mshikaki, watatu juu ya chombo kimoja, hesabu ya sentimita za mraba niliyokupa hapo juu haipo tena.

Anayebeba gharama ya kiraka

Kwenye misafara, aliyeamua mzigo ugawanywe hakuwa ndiye aliyeubeba. Mwenye msafara alisema tusonge, na kilo tano za ziada zikakaa kwenye mabega ya mtu ambaye hakuulizwa. Historia ya mpira ina sura hiyohiyo. Mwendesha baiskeli wa Paris alipata tairi laini, na mkusanya mpira wa Kongo akalilipia kwa mwili wake.

Bodaboda tunayo hatari ya kuurudia mchezo huo kwa udogo. Namwelewa dereva. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimama uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000, matairi tunayotumia kwa sehemu kubwa yanatoka nje, na wengi wanaendesha pikipiki ambayo jioni lazima wapeleke hesabu kwa tajiri. Tairi jipya ni mapato ya siku kadhaa, kiraka ni pesa ya chai. Lakini akiziba ubavu wa tairi leo, pesa aliyookoa ni yake, na hatari ameigawa kwa mwanafunzi anayembeba kesho asubuhi, ambaye haoni tairi na hajaulizwa kitu. Tajiri naye, mwenye pikipiki, anayo sehemu yake. Anayechukua hesabu kila jioni hawezi kusema habari za tairi hazimhusu.

Kwa hiyo ukiwa dereva wa safari ndefu kwenye njia hii, beba tyubu ya akiba, pampu, msasa, gundi na viraka, na vyuma vya kuvulia tairi. Vikupeleke mpaka Tabora, au Manyoni, au Urambo, halafu penye maduka fanya uamuzi upya kama vile ndiyo kwanza unaanza safari. Angalia pia tarehe ya tairi unalouziwa: kwenye ubavu kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozeeka dukani si jipya.

Na ukiwa abiria, inama kidogo kabla hujapanda. Tazama meno ya tairi la nyuma, tazama ubavu wake. Ukiona nyuzi zimechungulia, una haki ya kuita pikipiki nyingine. Mpagazi wa Mgunda Mkali hakuwa na nafasi hiyo. Wewe unayo.